Ekzosi ya lori dogo: nguvu huongezeka wapi, na hupotea wapi

Lori dogo likifungwa ekzosi mpya, kitu cha kwanza kubadilika ni sauti. Dereva anakanyaga mafuta, injini inanguruma, na masikio yanamwambia gari limepata nguvu. Siku anayobeba mzigo na kukutana na mlima, gia aliyozoea kupandia haitoshi tena, inabidi arudi moja chini. Malalamiko ya namna hii ni mengi, na wengi huyatafutia jibu pasipo: wanalaumu mafuta, plagi, au mkono wa fundi aliyechomelea. Jibu limo ndani ya bomba lenyewe. Kama ekzosi ya zamani haikuwa imeziba, ekzosi mpya kwenye injini ndogo huongeza nguvu kidogo tu. Kinachobadilika zaidi ni mahali nguvu inapopatikana: inahama kutoka mizunguko fulani ya injini na kwenda mingine. Kwa hiyo kabla ya kukata chuma, mwenye lori ajiulize gari lake linashinda kwenye mizunguko ipi.

Ninaposema lori dogo nina maana ya pikapu na malori mepesi yenye injini ya kama lita 1.5 hadi 3, za petroli au dizeli. Nyingi kati ya hizo, zikiwa na mzigo, hufanya kazi kati ya mizunguko 1500 na 3500 kwa dakika. Ni mara chache dereva wa mizigo kufikisha 5000, na akifikisha hakai huko. Tuchukue injini yenye nguvu ya msokoto ya nyutonimita 160 kwenye mizunguko 2000. Ukizidisha msokoto kwa mizunguko na kugawanya kwa 9549, unapata kilowati 33.5. Hebu ekzosi mpya ipunguze asilimia 5 ya msokoto hapo, na iongeze kilowati 3 kwenye mizunguko 5000. Kwenye tangazo, nguvu ya juu kabisa imepanda. Mlimani, dereva amepoteza karibu kilowati 1.7 pale pale alipozihitaji. Namba zote mbili ni za kweli, ila ya pili haiandikwi kwenye boksi.

Kinachotokea valvu inapofunguka

Watu wengi huichukulia ekzosi kama mfereji wa kutupia moshi, na kwa mawazo hayo kila upana ni faida. Ukweli una mambo zaidi. Valvu ya kutolea moshi haingoji pistoni ifike chini. Kwenye injini nyingi hufunguka nyuzi 40 hadi 60 za mzunguko wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kabla ya hapo, wakati gesi ndani ya silinda bado ina presha ya mara kadhaa ya ile ya hewa ya nje. Gesi inachoropoka kwa kishindo, na sehemu kubwa yake inakuwa imeshatoka yenyewe kabla pistoni haijaanza kupanda kuisukuma iliyobaki.

Kishindo hicho huzaa vitu viwili vinavyosafiri kwa kasi mbili tofauti. Kuna gesi yenyewe, inayokwenda makumi ya mita kwa sekunde, pengine ikagusa mia na kitu injini ikiwa mbio. Na kuna wimbi la presha, linalokwenda kwa kasi ya sauti. Kwa kuwa gesi ni ya moto sana, kasi hiyo huwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Wimbi hili ndilo lenye siri ya mambo yote. Likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, au mwisho wake ulio wazi, halifi. Sehemu yake inageuka na kurudi kwenye injini, na inarudi ikiwa kinyume: liliondoka likisukuma, linarudi likivuta.

Sasa angalia saa ya injini. Mwishoni mwa kutoa moshi na mwanzoni mwa kuvuta hewa kuna muda mfupi ambapo valvu zote mbili za silinda huwa wazi kidogo. Wimbi la kuvuta likifika mlangoni wakati huo, linafyonza moshi uliobaki juu ya pistoni na kuianzisha hewa mpya kuingia kabla pistoni haijaanza kuivuta. Silinda inajaa vizuri zaidi na injini inapata nguvu bila kuongezwa kitu kingine. Likichelewa au kuwahi, kinachoweza kukutwa mlangoni ni wimbi la kusukuma, na moshi unarudishwa ndani. Injini ile ile, bomba lile lile, mizunguko tofauti: mara inasaidiwa, mara inakwamishwa.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini jambo hili ni gumu kwa lori. Tuseme tunataka wimbi lirudi baada ya krenki kuzunguka nyuzi 120, na kasi yake ni mita 550 kwa sekunde. Kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, nyuzi 120 huchukua milisekunde 3.3. Ndani ya muda huo wimbi linakwenda mita 1.8, yaani kwenda na kurudi kwenye bomba la sentimita 90 hivi. Kwenye mizunguko 3000 muda ni mara mbili, kwa hiyo bomba nalo linatakiwa kuwa na mita 1.8. Kwenye 2000 linafika karibu mita 2.75, tena kwa kila silinda. Hakuna nafasi ya mabomba manne ya urefu huo chini ya boneti ya pikapu.

Ndiyo maana heda nyingi zinazouzwa, yaani seti za mabomba yanayopokea moshi kutoka kila silinda, zile fupi zinazong'aa, kwa maumbile yake husaidia mizunguko ya juu. Waliozibuni hawakukosea. Zinafaa gari la mbio, linalokaa juu muda wote. Zikifungwa kwenye gari la kubeba saruji, zinamsubiri dereva mahali ambapo hafiki.

Kuna muundo unaomfaa zaidi mwenye lori. Injini ya silinda nne kwa kawaida huwasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na silinda moja huwaka kila krenki inapozunguka nusu duru. Ukiunganisha bomba la silinda ya kwanza na la nne, na la pili na la tatu, kila jozi ina silinda mbili zinazopishana duru nzima, kwa hiyo hazipigiani kishindo mlangoni. Kisha mabomba mawili yaliyobaki yanaungana kuwa moja mbele zaidi. Muundo huu wa nne-mbili-moja hutumia urefu wa hatua zote mbili, na faida yake huenea kwenye mizunguko ya kati. Ule wa nne-kwa-moja hutoa kilele kikali zaidi juu na kuacha bonde chini. Kwa gari la mzigo, mimi sioni sababu ya kuchagua wa pili.

Je, injini inahitaji presha ya nyuma?

Huu ndio usemi unaorudiwa kila karakana: usitoe silensa yote, injini inahitaji presha ya nyuma ili ivute. Ushauri wenyewe mara nyingi ni mzuri, lakini sababu inayotolewa ni ya uongo, na sababu ya uongo humfanya mtu akosee kesho kwenye jambo jingine.

Malori mengi mepesi ya dizeli yana breki ya ekzosi. Ni kipepeo cha chuma ndani ya bomba. Dereva akiiwasha, kipepeo kinaziba njia, presha inapanda nyuma ya valvu, na pistoni inapopanda inapambana na moshi usiotoka. Lori linapungua mwendo. Kifaa hicho hakifanyi kingine ila kuongeza presha ya nyuma. Kama presha hiyo ingekuwa inaipa injini nguvu, isingeweza kuwa breki.

Basi kwa nini bomba pana sana hupunguza nguvu ya chini? Kwa sababu ya kasi ya gesi. Tuchukue injini ya petroli ya lita 2 isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili isukumie injini hewa), ikikanyagwa mafuta yote. Kwenye mizunguko 5000 inavuta takriban lita 83 za hewa kwa sekunde. Hewa hiyo ikishakuwa moshi wa nyuzi joto 500 inakuwa imepanuka zaidi ya mara mbili na nusu, ikafika kama lita 215. Ndani ya bomba la milimita 50 moshi huo unakwenda mita 110 kwa sekunde. Shuka hadi mizunguko 2000 na kasi inakuwa mita 44. Sasa badilisha uweke bomba la milimita 75: kwenye mizunguko hiyo hiyo 2000 kasi inashuka hadi mita 20 hivi. Gesi inayokwenda polepole haina mkumbo wa kuvuta iliyo nyuma yake, inapoa mapema, na wimbi linalogeuka kutoka kwenye bomba kubwa mno linarudi bila nguvu. Kilichopotea hapo ni mkumbo. Presha ya nyuma imepungua kweli, na huo peke yake ungekuwa msaada, ila msaada wake ni mdogo kuliko hasara iliyokuja nayo.

Hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa mabomba mapana hawalisemi na wapinzani wao pia hulisahau. Mkumbo unajali zaidi sehemu ya mwanzo, kutoka mlango wa silinda hadi mabomba yanapoungana na kidogo baada ya hapo. Kuanzia silensa kwenda nyuma, mawimbi yameshatawanyika, na upana wa mkia hauna athari kubwa kwa nguvu ya chini. Kwa hiyo mtu aliyepanua kipande cha nyuma tu hakuharibu sana, wala hakupata sana. Aliyeweka manifoldi, kile kipande kinachokusanya moshi wa silinda zote, yenye njia kubwa kuliko milango ya silinda ndiye atakayelisikia lori likizubaa.

Na faida ya kupunguza kizuizi ni kiasi gani? Kwa kukadiria, kila kilopaskali 10 za presha ya nyuma hugharimu injini isiyo na turbo kama asilimia 1 ya msokoto wakati wa mafuta yote, kwa kazi ya pistoni kusukuma moshi tu, na sehemu nyingine ndogo kwa sababu ya moshi unaobaki ndani na kuchukua nafasi ya hewa. Ekzosi iliyotoka kiwandani ikiwa nzima haina akiba kubwa ya kukurudishia. Ukifanikiwa kuondoa kilopaskali 10 kwenye mizunguko ya juu, umepata asilimia moja, labda mbili. Mtu akikuahidi asilimia 15 kwa kubadilisha silensa na bomba la nyuma, muulize presha ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada. Bila namba hizo mbili ahadi yake haina msingi.

Habari njema ni kwamba hata huo upungufu mdogo hauhitaji bomba kubwa. Msuguano ndani ya bomba hubadilika karibu na kipeo cha tano cha kipenyo. Kutoka milimita 50 kwenda 57, yaani nyongeza ya milimita 7, hupunguza presha inayopotea kwa msuguano karibu nusu. Ndiyo maana kwa injini ya lita 2 hivi isiyo na turbo ningeishia hapo hapo. Milimita 75 kwenye injini hiyo ni chuma cha bure kinachobebwa.

Dizeli yenye turbo ina sheria zake

Karibu yote niliyosema juu ya mawimbi yanalegea pindi turbo inapokaa katikati ya njia. Gurudumu la turbo linavunja vishindo na kuyazuia mawimbi yanayotoka nyuma yasifike kwenye valvu. Kinacholiendesha ni tofauti ya presha na joto kati ya kabla yake na baada yake. Kabla ya turbo, njia iwe fupi, nyembamba kiasi, na yenye joto. Kila joto linalopotea kwenye manifoldi ni nguvu ambayo gurudumu halikuipata. Baada ya turbo, njia iwe wazi kadiri nafasi inavyoruhusu. Hapo upana hauna madhara kwa nguvu ya chini, kinyume na injini isiyo na turbo: presha ikishuka nyuma ya gurudumu, turbo inaamka mapema, na dereva anausikia mvuto kwenye mizunguko ya chini anakouhitaji. Kipande kinachofaa kupanuliwa kwanza ni kile cha kushuka kutoka kwenye turbo, kwa sababu ndicho chenye moshi wa moto zaidi, wa ujazo mkubwa zaidi, na mara nyingi chenye kona kali zaidi.

Hata hivyo turbo kuamka mapema si sawa na nguvu ya juu kuongezeka. Kwenye dizeli, nguvu hutokana na kiasi cha mafuta yanayopulizwa, na kwenye malori ya kisasa kiasi hicho pamoja na presha ya turbo vinaamuliwa na kompyuta ya injini. Ekzosi ikifunguliwa, kompyuta inalegeza turbo ili ibaki kwenye presha ile ile iliyopangiwa. Kinachobaki kwa dereva ni majibu ya haraka kidogo na pengine tone la mafuta lililookolewa. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida na mlango wa kupunguza presha unaoongozwa na springi, hali ni tofauti. Mlango huo ukiwa mdogo, presha inaweza kupanda kupita ilivyokusudiwa, na turbo inazunguka zaidi ya mizunguko laki moja kwa dakika. Haina subira ya kuzidishiwa. Aliyefungua ekzosi kwenye injini ya aina hiyo afunge geji ya presha ya turbo, na aitazame.

Akiongeza mafuta kwenye pampu, afunge na kipimajoto cha moshi. Mafundi wengi wa dizeli huchukua nyuzi joto 700 hivi, kabla ya turbo, kuwa mpaka wa kutokaa juu yake kwa muda mrefu. Lori lenye mzigo linalopanda mlima dakika kumi mfululizo ndilo linalofika huko, na vichwa vya pistoni ndivyo vinavyolipa.

Dizeli isiyo na turbo ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Haina kipepeo cha kuzuia hewa, inavuta hewa kamili kila duru, na mafuta yake yamepimwa ili isitoe moshi mweusi. Ekzosi iliyo wazi zaidi itaisaidia kuunguza safi zaidi kidogo, basi.

Sensa, kabureta na tundu la sindano

Injini ya petroli yenye kompyuta hutumia sensa kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi ili ijue kama mchanganyiko una mafuta mengi au machache. Lengo ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Sasa fikiria ufa mdogo kwenye kiungo cha manifoldi, au gasketi iliyokaa vibaya, kabla moshi haujafika kwenye sensa. Mtu hutarajia moshi utoke nje tu. Lakini katikati ya vishindo kuna nyakati za kuvuta, kama tulivyoona, na katika nyakati hizo hewa ya nje huingia ndani kupitia ufa ule. Sensa inaona oksijeni, inaripoti kwamba mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza mafuta yasiyohitajika. Lori linaanza kunywa, plagi zinakuwa nyeusi, na mwenye gari anasema ekzosi mpya inakula mafuta. Kinachokula mafuta ni ufa. Nimeliona jambo hili likisumbua watu wengi kiasi kwamba ningemshauri yeyote aanze hapo kabla ya kugusa kitu kingine chochote: injini ikiwa baridi, iwashwe, mtu azibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na mwingine asikilize viungo vyote.

Heda mpya pia husogeza sensa mbali na injini. Sensa za zamani zenye waya mmoja hazina hita ndani, zinategemea moshi kuzipasha. Zikisogezwa nyuma zinachelewa kuamka au zinalala gari likiwa limesimama linanguruma. Weka yenye hita.

Kabureta haina mtu wa kuirekebisha isipokuwa fundi. Injini ikianza kupumua vizuri zaidi juu, mchanganyiko unaweza kupungua mafuta, na petroli iliyopungua kwenye mzigo mzito huleta joto na injini kugonga. Baada ya kubadilisha manifoldi, plagi zitolewe na zisomwe rangi, na jeti kuu, kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, ibadilishwe kama zinaonyesha weupe. Injini zinazopuliziwa petroli kwa nozeli, zikiwa zinakadiria hewa kwa presha ya manifoldi badala ya kuipima moja kwa moja zina hatari inayofanana wakati wa mafuta yote, kwa kuwa hapo kompyuta nyingi huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na kufuata jedwali lililoandikwa kwa ekzosi ya zamani.

Katalisti na kichujio cha masizi

Kishawishi kikubwa ni kuyatoa masega, yaani katalisti inayosafisha gesi zenye sumu kwenye moshi, au kichujio cha masizi. Hoja inayotolewa ni kwamba yanaziba njia. Katalisti nzima ni kauri yenye maelfu ya vijitundu vilivyonyooka, na kizuizi chake kwa injini ya kawaida ni kidogo. Iliyoyeyuka kwa sababu ya injini iliyokuwa inakosa moto, au iliyojaa majivu ya oili, ni habari nyingine: hiyo inaweza kuua nusu ya nguvu na kulifanya lori lishindwe kabisa kupita mwendo fulani. Dereva aliyetoa katalisti iliyokufa anasimulia maajabu, na anayemsikiliza anaenda kutoa iliyo hai. Alichopata wa kwanza ni nguvu yake mwenyewe iliyokuwa imefungiwa. Wa pili hana cha kurudishiwa.

Katika nchi nyingi kuondoa vifaa hivi ni kosa kisheria kwa gari la barabarani, na ukaguzi hulikamata. Lakini hata pasipo na mkaguzi, mimi nasimama upande wa kuviacha. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kichujio cha masizi kipo kwa ajili ya hilo. Anayevuta moshi wa lori kuliko wote ni yule anayelipakia na kulishusha likiwa linanguruma, na anayekaa nyuma juu ya mzigo.

Kichujio kikijaa, dawa yake ni kukiacha kijiunguze. Masizi huungua joto likifika kama nyuzi 600, na kwa hilo lori linahitaji safari yenye mwendo wa kutosha, siyo vipande vya kilomita mbili mbili. Kikijaa tena baada ya siku chache, tafuta kinachozalisha masizi: nozeli inayovuja, turbo inayopitisha oili, valvu ya kurudisha moshi iliyokwama.

Kuhusu mkia wa bomba nina neno kali zaidi. Wengine huukatia chini ya kibini, pembeni, kwa ajili ya sauti na kupunguza uzito. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Gari likisimama kwenye foleni, gesi hiyo hupanda kupitia matundu ya sakafu na lastiki za milango zilizochoka. Mkia upite kibini na, kama kuna turubai au boksi nyuma, upite na hilo pia.

Silensa na mvumo wa kibini

Silensa ni za namna mbili kwa ujumla. Moja ina vyumba na kuta ndani. Inaua sauti kwa kuzigonganisha, na inaupitisha moshi kwa kona. Nyingine ina bomba lenye matundu linalopita moja kwa moja, limezungushiwa sufi ya kioo au ya chuma inayomeza sauti. Ya pili ina kizuizi kidogo zaidi, ila sufi huungua na kupeperuka kwa miaka, na kelele hurudi.

Shida inayowakera wengi baada ya kubadilisha ni mvumo mzito ndani ya kibini kwenye mwendo wa safari. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 2400 huwasha mara 80 kwa sekunde, na sauti ya mitetemo 80 ndiyo inayotikisa kibini kidogo na kichwa cha dereva. Njia nzuri ya kuitibu ni kuchomelea tawi la bomba lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi. Kwa moshi uliopoa kidogo, wenye kasi ya sauti ya mita 500, wimbi la mitetemo 80 lina mita 6.25, na robo yake ni kama mita 1.55. Tawi hilo haligusi nguvu ya injini hata kidogo, kwa sababu moshi haupiti ndani yake.

Kabla ya kukata, pima

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote ni kujua kama ekzosi iliyopo ina tatizo. Toa sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalisti, funga geji ya presha kwenye tundu lake, na inua injini hadi mizunguko 2500 gari likiwa limesimama. Ikizidi kilopaskali 20 hivi, kuna kitu kimeziba. Huwa ni katalisti, kuta za silensa zilizoanguka, bomba lililobondwa na jiwe, au bomba la kuta mbili ambalo la ndani limejikunja huku la nje likionekana zima. Kurekebisha hicho kimoja mara nyingi kunaleta nguvu kuliko heda yoyote. Ikiwa presha ni ndogo hata ukiwa njiani umekanyaga yote, basi fahamu kwamba hakuna cha kununua huko.

Ukiamua kujenga, angalia ufundi kuliko jina la chapa. Kona iliyokunjwa kwa kubinywa hupoteza sehemu ya upana wake pale pale inapopinda, na kona tatu za namna hiyo hufuta faida ya bomba kubwa. Kona ziwe zilizokunjwa bila kubonyea. Chomeleo lisitokeze ndani. Tundu la gasketi lisiwe dogo kuliko mlango wa silinda. Na kwa kuwa injini hucheza kwenye mipira yake, pawepo kipande kinachonyumbuka kati yake na bomba la nyuma, la sivyo manifoldi ya mabomba membamba itapasuka shingoni. Manifoldi nzito ya chuma cha kusubu si pambo la zamani. Hustahimili joto na mtikisiko kwa miaka, na kwa lori linalopita barabara mbaya hilo lina thamani kubwa kuliko kilowati mbili.

Aina ya chuma nayo ina maana. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Safari zikiwa fupi, ekzosi haipati joto la kuukausha, maji yanakaa kwenye silensa na kuila kutoka ndani. Kwa matumizi hayo, chuma kisichoshika kutu kinajilipa. Kitambaa cha kuzungushia mabomba kinatunza joto na kuipa gesi mkumbo, lakini juu ya chuma cha kawaida hutunza na unyevu, na mabomba huoza yakiwa yamefunikwa.

Baada ya kufunga, usiamini sauti. Chagua kipande cha barabara tambarare, gia ya tatu, mzigo ule ule, na mpime muda wa kutoka mizunguko 1500 hadi 3500 mafuta yakiwa yamekanyagwa yote, mara kadhaa kwenda na kurudi ili upepo na mteremko mdogo vifutane. Vipimo kama hivyo viwe vilifanyika pia kabla ya ekzosi ya zamani kutolewa. Ulaji wa mafuta upimwe kwa kujaza tangi hadi juu, kwenda kilomita mia kadhaa za kazi ya kawaida, na kujaza tena pampu ile ile. Halafu, injini ikishapata moto na kupoa mara chache, rudi kwenye bolti za manifoldi na uzikaze tena, ukianzia katikati kwenda pembeni, kwa sababu gasketi mpya hulala kidogo na bolti zilizokuwa zimekaza siku ya kwanza huwa zimelegea.